Sanduku la Mjomba Baharia na Majalada Yaliyochanwa

Swali: Mimi ni mkazi wa Makorora, Tanga. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na ametuachia sanduku la bati lenye katuni za Kimarekani thelathini na kitu, zile za mastelingi wenye nguvu za ajabu: Superman, Batman, Spider-Man na yule jitu la kijani. Tisa kati ya hizo hazina jalada. Kijana wangu wa miaka 16, ambaye husoma za siku hizi kwenye simu, amezipekua akasema ni za watoto wadogo. Mimi nimejaribu kusoma zake, sikuelewa hata nani ni nani. Kati yetu nani ana haki? Na sanduku hili lina thamani, au nimpe muuza karanga afungie?

Jibu: Ndugu yangu wa Makorora, Mungu amrehemu mjomba. Kabla ya yote, muuza karanga asilione sanduku hilo. Najua jinsi nyumba inavyopekuliwa arobaini ikishapita: nguo zinagawiwa, redio inagombewa, na makaratasi yanaishia kuwashia mkaa. Mengi yamepotea hivyo hapa Tanga, na mimi mwenyewe nimewahi kula karanga ndani ya Batman.

Nitaanza na zile 9 zisizo na jalada. Nadhani umeziweka kando ukidhani ndizo takataka za sanduku, kumbe ndizo zinazojibu ugomvi wako na mwanao. Chukua moja uiangalie mgongoni, pale penye pini mbili. Jalada lililochakaa likadondoka lenyewe huacha vipande vya karatasi vikining'inia kwenye pini, na ukurasa wa kwanza nao huwa umechafuka na kukunjamana kama uliokaribia kulifuata. Lililochanwa makusudi huondoka safi, ukurasa wa kwanza ukabaki mzima kama vile haujaguswa. Mara nyingine hawakuchana lote; walikata kipande cha juu tu, chenye jina na bei.

Aliyefanya hivyo ni muuza magazeti wa Marekani, na alikuwa na sababu. Tangu miaka ya 1930 hadi ya 1970 katuni kule ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti, maduka ya dawa na ya vyakula, zikiwa zimepangwa kwenye rafu ya waya inayozunguka. Muuzaji alizichukua kwa makubaliano kwamba zisizouzwa zinarudi, naye anarudishiwa hela yake. Kubeba mzigo mzima wa karatasi kurudi nao ni gharama, kwa hiyo walikubaliana arudishe jalada tu, au kile kipande cha juu, kama ushahidi. Kilichobaki kilitakiwa kiharibiwe. Unajua mwenyewe mambo ya kilichotakiwa kuharibiwa. Nyingi zilitokea mlango wa nyuma zikauzwa kwa bei ya chee, na katuni ya bei ya chee ndiyo inayomfaa baharia mwenye safari ya wiki tatu mbele yake.

Sasa fikiria hali ya mwandishi wa katuni katika biashara ya namna hiyo. Anaandika toleo la mwezi huu bila kujua kama mtoto atakayelinunua aliliona la mwezi uliopita, au kama gari la magazeti litaleta la mwezi ujao dukani kwao. Kwa hiyo kila toleo lilibidi lijieleze upya: huyu ni nani, nguvu zake alizipataje, adui yake ni yupi. Kisha hadithi iishe humo humo, au angalau imfikishe msomaji mahali pa kupumzika. Ndiyo maana mwanao anamcheka Superman anayetaja nguvu zake kwa sauti huku akizitumia. Coastal Union wakicheza Mkwakwani, mtangazaji wa redio hurudia matokeo kila baada ya dakika chache. Aliyekaa jukwaani angemwona anachosha. Ila mtangazaji hasemi na wa jukwaani, anasema na yule aliyefungua redio sasa hivi.

Mambo yaligeuka kuanzia 1973. Mwalimu mmoja wa Brooklyn, Phil Seuling, aliyekuwa akiandaa mikutano ya wapenzi wa katuni, alikubaliana na wachapishaji anunue kwao moja kwa moja kwa bei nafuu zaidi, kwa sharti kwamba hakuna kurudisha. Kikibaki, kimekubakia. Yakazaliwa maduka yanayouza katuni tu, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 maduka hayo ndiyo yaliyokuwa yakilisha sehemu kubwa ya biashara. Mteja wake hakuwa mtoto aliyepita na sarafu akitumwa chumvi. Alikuwa mtu mzima anayekuja kila wiki, anayejua jina la shangazi wa kila stelingi, na anayekasirika akielezwa anachokijua. Mwandishi akaacha kueleza.

Hicho ndicho ulichokutana nacho kwenye simu ya mwanao. Uliingia barazani saa nne usiku, wenzako wakiwa wamekaa tangu alasiri.

Nikupe mfano mmoja wa kupima kwa rula. Agosti 1962, kwa senti 12, mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walimleta Spider-Man katika toleo la 15 la Amazing Fantasy. Katika kurasa 11 tu kijana anadharauliwa shuleni, anaumwa na buibui, anapata nguvu, anazitumia kutafuta pesa, anamwachia mwizi apite kwa kiburi, mwizi yule yule anamuua mjomba wake, naye anamkamata na kugundua kosa lake. Kurasa 11! Mwaka 2000 kampuni hiyo hiyo iliyomchapisha, Marvel, ilikisimulia kisa kile upya kwa wasomaji wa karne mpya, na kilichukua matoleo 7. Sisemi kilichorefushwa ni kibaya. Mjomba yule wa 1962 humfahamu. Anatokea kwenye fremu chache, anakufa, unasonga mbele. Yule wa 2000 umeshakula naye chakula cha jioni, umemsikia akigombana na mpwa wake, kwa hiyo kifo chake kinakukaa kifuani. Lakini mtoto mwenye sarafu moja angepata sehemu moja ya saba ya hadithi.

Tukija kwenye neno la kijana kwamba zamani zilikuwa za watoto, mimi humuuliza kila mwenye kusema hivyo: zamani ipi?

Toleo la kwanza la Action Comics, lililomleta Superman, lilitoka mwaka 1938, tarehe ya jalada ikiwa Juni, kwa senti 10. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, walikuwa wameuza haki zao zote za Superman kwa dola 130. Mwanao amtazame Superman yule. Haruki angani, anaruka tu kama panzi, hatua moja ikivuka jengo la ghorofa 20. Wala hapigani na viumbe wa sayari nyingine. Katika hadithi ile ya kwanza anamwokoa mwanamke anayekaribia kuuawa kwenye kiti cha umeme kwa kosa asilolifanya, anamtia adabu mume anayempiga mkewe, halafu anamwandama mwanasiasa anayekula njama na mshawishi wa wabunge. Miezi miwili baadaye, katika toleo la 3, anajifanya mchimbaji, anawafungia tajiri mwenye mgodi na wageni wake wa karamu ndani ya shimo lao wenyewe, waonje hatari wanayowaachia vibarua. Wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko nyuma wangemwelewa Superman huyo bila mkalimani. Na Machi 1941, miezi kadhaa kabla Marekani haijaingia vitani, Captain America alitokea kwenye jalada lake la kwanza akimchapa Hitler ngumi ya taya.

Utoto uliletwa baadaye, na uliletwa kwa nguvu. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu kilichodai kwamba katuni zinawaharibu vijana. Seneti ikafanya vikao New York, wazazi wakaja juu, na wachapishaji kwa woga wakajitungia kanuni zao wenyewe. Wema lazima ushinde kila mara. Polisi na mahakimu wasichorwe kwa namna ya kuwavunjia heshima. Wafu wasitembee. Angalia pembe ya juu ya majalada yaliyobaki kwenye sanduku lako, utaona kialama kidogo cheupe chenye kingo kama za stempu ya barua. Huo ndio muhuri wa kanuni hizo. Bila huo, wasambazaji wengi hawakupokea mzigo. Ndipo mashujaa wakageuka wavulana wa kwaya kwa miaka kadhaa, na Superman akawa anahangaika na mbwa wake mwenye joho. Ukimwonyesha mwanao toleo la mwisho wa miaka ya 1950 akalicheka, mimi nitacheka naye.

Ila sanduku la mjomba, kwa ulivyonielezea, si la miaka hiyo. Bei zilizochapwa juu ya jalada zitakuambia. Senti 12 ni kati ya 1962 na 1969. Senti 20 ni 1972 hadi 1974. Ukiona 35, hiyo ni 1977 na kuendelea kidogo. Kama nyingi ni 20 na 25, mjomba alizikusanya wakati mzuri kuliko wote kwa maoni yangu: ufundi wa zamani wa kumaliza hadithi ulikuwa bado upo, na woga ulikuwa umeanza kupungua. Mwaka 1971 wizara ya afya ya Marekani ilimwomba Stan Lee aandike kuhusu madhara ya dawa za kulevya. Wasimamizi wa kanuni wakakataa, naye akatoa matoleo matatu ya Spider-Man bila muhuri. Yakauzwa kama kawaida. Kanuni zikalegezwa mwaka huo huo.

Kisha ikaja Juni 1973, toleo la 121 la Spider-Man. Hapa naomba radhi, nitakaa kidogo.

Nilikuwa na miaka kama 12. Kwa kinyozi mmoja wa Ngamiani, kwenye benchi la kusubiria, palikuwa na katuni iliyopoteza jalada na karatasi zake za mwisho. Adui amemteka Gwen, mchumba wa Spider-Man, amempandisha juu ya daraja, anamsukuma. Spider-Man anarusha utando, unamnasa miguu. Karatasi zangu ziliishia hapo. Nikafunga nikiwa nimeridhika kabisa: kaokolewa, stelingi hashindwi. Niliishi na furaha hiyo miaka mingi, mpaka nilipopata nakala nzima nikiwa mtu mzima na kazi yangu. Anamvuta juu akijisifu, anamkuta amekufa. Nikarudi kwenye fremu ile ya utando niliyoikariri tangu utotoni, na safari hii nikaona kile ambacho Kiingereza changu cha darasa la sita hakikukiona: neno dogo la mlio, limeandikwa karibu na shingo yake. Kitu kinavunjika. Aliyemkamata ili amwokoe ndiye huenda aliyemuua. (Na mchoro unaonyesha daraja la Brooklyn wakati maneno yanataja daraja lingine la New York. Sikulala siku hiyo, na bado niliona kosa la daraja. Ndivyo tulivyo.)

Mwambie mwanao asome hiyo, halafu aniambie kama ni ya mtoto.

Baada ya hapo kifo kikawa bidhaa. Novemba 1992 walimuua Superman, toleo la 75, likauzwa kwenye mfuko mweusi wa nailoni na kitambaa cheusi cha msiba ndani yake. Watu walipanga foleni, mamilioni ya nakala yakauzwa. Mwaka 1993 akarudi. Sisi wa Tanga tunao msemo wetu, waja leo waondoka leo. Wenzetu wamebakia na wafa leo wafufuka leo. Batman amekufa akarudi, Captain America vivyo hivyo, na wasomaji wa siku hizi wakiona jeneza wanauliza tu ni miezi mingapi. Hapa ndipo ninapowakosoa wa sasa, tena kwa dhati, maana sisi wa pwani tumelelewa na stelingi wa namna nyingine. Fumo Liyongo hakuna silaha iliyompata, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo ilitolewa kwa mwanawe mwenyewe. Alipochomwa alipiga goti kisimani na uta wake mkononi, akafia hapo, na watu hawakuthubutu kwenda kuteka maji kwa kuogopa maiti iliyopiga goti. Superman naye walimtafutia sindano yake, lile jiwe la kijani la kryptonite, ambalo lilianzia kwenye mchezo wa redio mwaka 1943 kabla ya kuingia kwenye katuni. Lakini Liyongo alikufa moja kwa moja. Katuni za kampuni kubwa haziwezi kumpa stelingi wao kisima chake, kwa sababu jina lake ni mali, na mali haizikwi.

Hata hivyo usimnyang'anye kijana simu. Za sasa zimefungua milango ambayo za mjomba hazikuijua. Black Panther alikuwepo tangu 1966, na Storm, ambaye mama yake ni Mkenya, tangu 1975. Lakini wote wawili walitungwa na watu waliokuwa wakiitazama Afrika kwa mbali. Mwaka 2018 hadithi za Shuri, dada wa Black Panther, zilianza kuandikwa na Nnedi Okorafor, mwandishi mwenye asili ya Nigeria, na tofauti inaonekana. Nikipewa nafasi ya kumchagulia mzazi wa Tanga kitabu kimoja cha siku hizi, ningechagua Ms. Marvel ya 2014, iliyoandikwa na G. Willow Wilson, ambaye ni Mwislamu. Msichana wa Kipakistani wa Jersey City, Kamala Khan, unamkuta ukurasa wa kwanza amesimama dukani anainusa nyama ya nguruwe asiyoruhusiwa kula. Anainusa tu. Kisha kuna mama anayemfokea, kaka mcha Mungu kupindukia, na baba anayemzuia kwenda kwenye sherehe ya usiku. Utaelewa nani ni nani, nakuhakikishia, maana nusu ya familia hiyo utakuwa umekutana nayo Barabara ya 8. Na kinaanzia mwanzo, humkuti mtu katikati ya mazungumzo.

Kitu kimoja tu kuhusu simu. Programu nyingi huonyesha fremu moja moja, na katuni nyingine zilitungwa kwa ukurasa mzima. Katuni ya Watchmen ya 1986 na 1987 imepangwa kwa msingi wa vyumba 9 kwa ukurasa, na sura yake ya tano ni kama kioo: ukurasa wa kwanza unafanana kwa mpangilio na wa mwisho, wa pili na wa kabla ya mwisho, hadi zikutane katikati. Ukiisoma kwa fremu moja moja hutajua kamwe. Kijana aigeuze simu, aone ukurasa mzima, hata kama atakunja macho.

Haya, thamani. Nakala ya Action ya kwanza iliuzwa dola milioni 6 mwaka 2024, na watu wakisikia hivyo huanza kuota. Ile ni ghali kwa sababu watoto waliisoma hadi ikachanika, na wakati wa vita karatasi nyingi zilikusanywa zikasagwa. Kinyume chake, X-Men ya kwanza ya 1991 ilichapwa nakala zaidi ya milioni 8, kila mtu akaitunza ili aje kutajirika, na leo haikununulii hata kuku mzima. Zisizo na jalada bei yake ni ndogo, zisome tu.

Zenye jalada zitoe leo kwenye sanduku la bati. Bati linatoka jasho usiku, na hewa yetu ya chumvi imeshaanza kuzila hizo pini. Ziweke wima ndani ya katoni, kila moja kwenye mfuko wa nailoni, mbali na sakafu na mbali na dirisha. Palipochanika paache palivyo, usibandike gundi ya utepe. Kisha tafuta namba hizi: Spider-Man 121 na 129, Giant-Size X-Men ya kwanza, na Hulk namba 181 ya Novemba 1974. Hiyo ya mwisho, ambayo ndiyo ya jitu lako la kijani, ndiyo ya kwanza kumleta kikamilifu Wolverine, stelingi mwenye makucha, na ikiwemo usimuuzie mtu yeyote wa mtaani kabla hujaniandikia.

Ukiipata, fungua ukurasa wa barua za wasomaji. Pale palichapwa kistempu cha kukata na kubandika kwenye kitabu chake, na watoto wengi walikikata kwa mkasi. Kikiwa kimekatwa, bei inaanguka vibaya sana. Niandikie hata hivyo, na upekue vitu vingine vya mjomba vizuri: daftari lake la safari, nyuma ya picha, ndani ya mfuniko wa sanduku. Nataka kujua alikibandika wapi.